Salio Kwanza, Mzigo Baadaye

Ukitaka kujua jinsi wauzaji wa mtandaoni wanavyolizwa, usianze kwa kumtazama tapeli. Anza kwa kutazama muda. Kati ya dakika mnunuzi anaposema "nimeshatuma" na dakika fedha zinapokuwa zako kweli, za kutoa na kutumia bila mtu kuja kuzidai, kuna nafasi. Pengine ni sekunde chache, pengine ni siku, na kwa hundi inaweza kufika wiki kadhaa. Karibu kila wizi anaofanyiwa muuzaji wa simu, kompyuta, kamera au gari hufanyika ndani ya nafasi hiyo. Mbinu hubadilika kila msimu, lakini zote zinamtaka muuzaji jambo moja: aipokee habari ya malipo kana kwamba ni malipo.

Nalisema hili mapema kwa sababu ushauri uliozoeleka, "kuwa makini", haumfai mtu. Wengi walioibiwa walikuwa makini. Walizungumza na mnunuzi kwa simu, wakaomba picha ya kitambulisho, wakasubiri mpaka ujumbe uingie ndipo wakatoa mzigo. Walichokosa ni mtu wa kuwaeleza umakini huo wauelekeze wapi.

M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, ilitangazwa kama njia ya kutuma fedha nyumbani. Mtoto alimtumia mama, mume alimtumia mke, na aliyepokea alimjua aliyetuma. Leo njia ile ile inabeba biashara ya watu wasiojuana kabisa: wamekutana kwenye tangazo la Facebook, Jiji au Instagram, wameelewana bei kwa WhatsApp, na mzigo unachukuliwa na dereva wa bodaboda asiyemjua yeyote kati yao. Katikati yao hakuna anayeshika fedha mpaka mzigo ufike na kukaguliwa. Kazi hiyo imebaki kwa muuzaji, na wengi hawajui kwamba ni yao.

Tuanze na ujumbe wa kughushi, maana ndio rahisi kuliko yote kuutengeneza. Chukua muuzaji wa Dar es Salaam mwenye kompyuta mpakato. Wamekubaliana shilingi 1,800,000. Kijana wa bodaboda yupo getini, hajazima pikipiki. Ujumbe unaingia: namba ya muamala ipo, neno la kuthibitisha lipo, kiasi, jina la mtumaji, tarehe, saa na salio jipya, vyote vimepangwa kama inavyotakiwa. Kabla hajamaliza kusoma, simu inaita: "Kaka, imeshaingia hiyo, mpe kijana mzigo, ana safari nyingine."

Usome ujumbe huo taratibu. Tazama kwanza umetoka wapi. Ujumbe halisi huja kwa jina la huduma yenyewe na hujipanga pamoja na jumbe zako za zamani, chini ya ule wa luku uliyonunua juzi. Wa kughushi mara nyingi umetoka kwenye namba ya kawaida ya simu, au kwenye jina linalofanana na la huduma lakini limeongezwa herufi au nukta. Kisha tazama salio, maana hapo ndipo tapeli anapoumbuka. Hajui laini yako ilikuwa na kiasi gani. Kama ulikuwa na 43,250 na umetumiwa 1,800,000, salio jipya halina budi kusoma 1,843,250, kwa kuwa unapotumiwa fedha na mtu mwingine hukatwi kitu kwa kupokea. Tapeli anabahatisha, anaandika labda 1,812,600, akitumaini macho yako yataishia kwenye milioni moja na laki nane. Watu wachache hukumbuka salio lao la jana usiku, na yeye anategemea hilo.

Hata hivyo, hesabu hii inamkamata tapeli mvivu tu. Mwenye vifaa anaweza kughushi hata jina linalotokea juu ya ujumbe, na ujumbe wake ukaangukia katika mfululizo ule ule wa jumbe halali. Kwa hiyo jambo la kushika ni hili: ujumbe, uwe mzuri namna gani, usiwe ushahidi wako. Fungua menyu mwenyewe, *150*00# kwa M-Pesa ya Vodacom Tanzania, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa Halopesa, *334# kwa M-Pesa ya Safaricom, au programu ya benki yako, na uangalie salio. Picha ya skrini aliyokutumia mnunuzi haina thamani yoyote. Programu za kutengeneza risiti bandia zipo, na hata picha ya muamala wa kweli inaweza kuwa ya muamala mwingine kabisa. Ukiambiwa mtandao unasumbua na fedha ziko njiani, basi mzigo nao usubiri zifike. Mitandao husumbua kweli, na mnunuzi wa kweli hapotezi kitu kwa kusubiri mtandao utulie.

Ndugu wa wizi huu ni ule wa kukufanya wewe ndiye ulipe. Unaambiwa fedha zimetumwa lakini "zimezuiliwa", na ili zifunguke unatakiwa ubonyeze kiungo, ulipie ada ndogo, utaje tarakimu zilizoingia kwenye simu yako, au uweke namba ya siri kwenye kidirisha kilichojitokeza kwenye skrini. Kidirisha hicho kinaweza kuwa cha kweli kabisa, cha kampuni ya simu. Ni kile kinachojitokeza unapolipia bidhaa dukani, na ukikisoma vizuri kimeandikwa kwamba unalipa, kiasi fulani, kwa fulani. Tapeli amekianzisha yeye na anakusemesha kwenye simu ili usisome. Hakuna huduma ya fedha inayomtaka mpokeaji aweke namba ya siri ili fedha zimwingie. Namba ya siri hutumika kuangalia salio, kutoa fedha na kulipa. Mnunuzi akikutajia namba ya siri kwa sababu yoyote ile, mazungumzo yameisha.

Hadi hapa, muuzaji anayeangalia salio kwa mkono wake mwenyewe amesalimika. Lakini upo wizi ambao salio haliukamati, na huu ndio ninaotaka tukae nao, kwa sababu unamuumiza mtu mara mbili na haujulikani sana.

Muuzaji ametangaza kamera kwa 2,200,000. Anapigiwa na mteja mwungwana, anayekubali bei bila kuvutana sana na kuomba namba ya kulipia. Mteja huyo, siku hiyo hiyo, ana tangazo lake mwenyewe kwingine: anauza pikipiki iliyotumika, safi, kwa bei ya 2,200,000. Mtu wa Morogoro ameiona na anaihitaji ya kazi. Anaambiwa alipe, atumiwe pikipiki kwa lori jioni, na namba anayopewa ya kulipia ni ya muuzaji wa kamera, "hiyo ni ya shemeji yangu, ndiye anayeshika fedha." Mtu wa Morogoro analipa. Fedha ni za kweli. Muuzaji wa kamera anafungua menyu, anaangalia salio, fedha zipo zote, hata shilingi haijapungua. Kijana anafika, anakabidhiwa kamera, anaondoka.

Jioni mtu wa Morogoro hana pikipiki, na simu ya aliyemuuzia haipatikani tena. Ushahidi alio nao mkononi ni risiti, na risiti ina jina la muuzaji wa kamera. Anakwenda kituo cha polisi na risiti hiyo. Kwa wanaochunguza, mwenye jina ndiye aliyepokea fedha za mtu na hakutoa pikipiki. Laini inaweza kufungiwa, fedha zikashikiliwa, na muuzaji akaitwa kueleza jambo ambalo hata yeye halielewi. Kamera imekwenda, fedha zitarudishwa kwa mwenyewe kwa haki kabisa, na aliyepanga yote hakuacha jina lake mahali popote.

Ninaona sababu ya mtego huu kuwavutia matapeli iko wazi. Tangu 2019 laini za Tanzania zinasajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA. Tapeli anayepokea fedha kwenye laini anapokea kwa jina la mtu, awe yeye au masikini aliyesajiliwa laini bila kujua. Katika mtego wa kamera na pikipiki hahitaji laini ya kupokelea. Mpokeaji ni wewe, mwenye jina halali na kitambulisho halali. Yeye anachukua kamera, na kamera haina jina.

Dalili ipo, lakini ni ndogo: jina la mtumaji. Mnunuzi amejitambulisha kwa jina moja, muamala umekuja kwa jina lingine. Wauzaji wengi huliona hilo na kulipuuza, nami siwalaumu, maana kwetu kulipiana ni jambo la kila siku. Mume anatumia laini ya mkewe, bosi anatuma kwa laini ya msaidizi, kaka aliye Mwanza anamlipia mdogo wake aliye Dar. Tofauti ya majina peke yake haimfanyi mtu kuwa mwizi. Inakupa tu sababu ya kuuliza, na kuuliza kwenyewe ni kazi ya dakika moja. Mpigie aliyetuma fedha, kwa namba iliyoonekana kwenye muamala na si ile uliyopewa na mnunuzi, umwambie: "Samahani ndugu yangu, nimepokea fedha zako sasa hivi. Umelipia nini?" Usimtajie kamera. Mwache aseme mwenyewe. Akisema kamera, mpe kijana mzigo wake. Akisema pikipiki, mtego umekatika palepale, na mtu wa Morogoro naye ameokoka. Asipopatikana, au namba isipoonekana, mzigo hautoki mpaka mwenye fedha ajulikane.

Ni vizuri zaidi kulimaliza jambo hili kabla ya malipo. Mwambie mnunuzi tangu mwanzo kwamba utapokea fedha kutoka kwa jina lake tu, na kama atalipiwa na mtu mwingine akuunganishe naye kwanza. Mwenye nia njema ataona ni utaratibu wa kawaida. Na ukishagundua kwamba fedha zilizoingia si za mnunuzi wako, usizirushe haraka kwenye namba unayotajiwa kwa simu. Kuna wanaojifanya ndio walioibiwa ili warudishiwe fedha ambazo hazikuwa zao. Piga huduma kwa wateja wa kampuni yako, eleza, na uache kampuni irudishe zilikotoka. Utaratibu ni huo huo kwa mnunuzi anayedai kwamba amezidisha sifuri na anaomba ile iliyozidi uitume "kwenye namba hii nyingine". Watanzania wameufanyia utani wa miaka ujumbe ule wa "ile hela itume kwenye namba hii", lakini anayeuza kitu huwa anasubiri hela kweli, na sentensi ile ile inamkuta katika hali tofauti.

Linabaki swali la tatu, baada ya kujua kwamba fedha zipo na ni za mnunuzi mwenyewe: je, zitabaki? Mifumo ya fedha kwa simu ina huruma kwa aliyekosea namba, na ni haki iwe nayo, maana tarakimu moja ikipinda mshahara wa mwezi unakwenda kwa mgeni. Kenya, mteja wa Safaricom husambaza ujumbe wa muamala kwenda 456 kuomba fedha zirudishwe. Kampuni za Tanzania nazo zina njia zao za kuomba kurudishiwa muamala uliokosewa. Tapeli analipa kweli, anachukua simu kaunta, na kabla hajafika kona ya mtaa ameshaomba fedha zirudi kwa madai kwamba alikosea. Mama anayeuza vitenge kwa Instagram na kijana wa vipuri vya simu wote wameonja machungu haya.

Hapa lawama yangu inakwenda kwa wenye mifumo kuliko kwa wauzaji. Kumtumia ndugu fedha na kumlipa mtu mzigo wake ni mambo mawili tofauti, na mfumo unaoyachanganya unamwachia muuzaji mzigo wa kuthibitisha kwamba biashara ilifanyika. Ombi la kurudisha fedha linapaswa kumfikia mpokeaji na kumpa nafasi ya kujibu kabla fedha hazijaguswa, kila mahali na kila mara. Mpaka hilo liwe sheria ya kudumu, muuzaji ajilinde kwa njia mbili. Kwanza, fedha zisikae kwenye laini wakati mzigo unaondoka. Zitoe kwa wakala au zihamishie benki, kisha ndipo ukabidhi mzigo. Fedha zilizokwisha kutolewa ni ngumu zaidi kurudishwa kwa ombi la uongo. Pili, uwe na hati ya mauziano, hata kama ni karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono: majina mawili, namba za vitambulisho, bei, tarehe, namba ya muamala, sahihi mbili, na kitambulisho cha kitu chenyewe. Kwa simu, kitambulisho hicho ni namba ya IMEI, inayojitokeza ukibonyeza *#06#. Piga picha karatasi hiyo mkiwa wote wawili. Anayepanga kudai kwamba alikosea namba atatafuta kisingizio cha kutosaini, na kisingizio hicho kinatosha kukuambia unashughulika na nani.

Kitu kikiwa cha thamani kubwa zaidi, malipo yanahamia benki, na huko nafasi kati ya habari na fedha ni pana kuliko kwenye simu. M-Pesa ya Kenya hairuhusu muamala mmoja kuzidi shilingi 250,000 wala laini kushika zaidi ya 500,000, kwa hiyo gari au mashine haiwezi kulipwa huko kwa mara moja. Mnunuzi anakuja na karatasi ya benki yenye mhuri, ya TISS, mfumo wa Tanzania wa kuhamisha fedha kati ya benki, au uhamisho mwingine. Karatasi hiyo inaonyesha kwamba mtu ameiagiza benki. Agizo linaweza kukataliwa kwa kukosa salio, kwa sahihi isiyolingana au kwa jina lililokosewa, na mhuri nao huchongwa mtaani. Subiri fedha zionekane kwenye akaunti yako, uzione wewe mwenyewe au meneja wa tawi lako akuthibitishie.

Hundi ni hatari zaidi, na hatari yake imejificha kwenye salio lenyewe. Ukiiweka benki, kiasi chake kinaweza kuonekana kwenye akaunti kabla benki ya mtoaji haijakubali kuilipa. Mtu anaona tarakimu, anatoa funguo za gari, na siku chache baadaye hundi inarudi. Wakenya wana kipimo kimoja cha haraka: tangu Oktoba 2009 hundi ya zaidi ya shilingi milioni moja haipiti kwenye mfumo wa malipo kati ya benki. Anayekuletea hundi moja ya milioni moja na laki tatu kutoka benki nyingine kwa ajili ya gari lako amekuletea karatasi isiyoweza kulipwa.

Ndugu zetu wanaoishi Marekani wanakutana na jambo hili kwa sura inayodanganya zaidi. Sheria ya huko inazitaka benki zimruhusu mteja kutumia fedha za hundi mapema, na kwa hundi iliyotolewa na benki mara nyingi ni siku ya kazi inayofuata. Mgeni anayeuza samani au gari lake kabla ya kuhama jimbo anaona fedha zinatoka kwenye mashine, na anaamini hundi imelipwa. Haijalipwa, benki imemtangulizia tu. Ikigundulika wiki kadhaa baadaye kwamba hundi ilighushiwa, benki inadai fedha zake kutoka kwake yeye aliyeiweka. Ndiyo maana matapeli wa huko hupenda kutoa hundi inayozidi bei na kuomba kile kilichozidi kitumwe kwa "msafirishaji": kinachotumwa ni fedha halisi za muuzaji, kilichopokelewa ni karatasi.

Turudi nyumbani. Kwa mauzo ya ana kwa ana, mahali pazuri kuliko pote ni ndani ya benki au kwa wakala mwenye duka linalojulikana, mchana. Noti zikiwa nyingi, mhudumu wa benki atazihesabu kwa mashine na kuzikagua, na noti bandia itabaki kuwa tatizo la aliyeileta. Mnunuzi aingize fedha kwenye akaunti yako mbele yako, uone salio, ukabidhi mzigo, mwagane. Tanzania mnaweza kufanya hivyo hivyo kwa wakala. Kenya mawakala wa M-Pesa wanatakiwa kumwekea mtu fedha kwenye laini yake mwenyewe, kwa hiyo mnunuzi ajiwekee kwanza kisha akutumie. Usimwite mtu usiyemjua nyumbani kwako kuangalia kitu cha milioni, wala usikubali mahali pa kukutania pabadilishwe dakika ya mwisho kwa sababu "nimekwama kwenye foleni, njoo huku nyuma ya kituo cha mafuta."

Mnunuzi wa mbali anahitaji maelezo ya ziada, maana naye ana hofu yake na hofu hiyo ni ya haki. Mtu wa Songea hawezi kujua kama muuzaji wa Kariakoo ana hiyo simu kweli. Nimeona wauzaji wengi wakimjibu kwa ukali kwamba asiyeamini aache, na naona wanakosea. Mpe njia. Kama ana ndugu au rafiki Dar, aje aikague simu, aiwashe, alinganishe IMEI, kisha malipo yafanyike mkiwa hapo hapo. Kama hana, mpigie simu ya video, iwashe mbele yake, mwonyeshe duka na risiti ya kununulia. Akilipa, hakikisha salio na jina, ndipo upeleke mzigo kituo cha mabasi na kumtumia picha ya stakabadhi ya mzigo pamoja na namba ya basi. Usikubali mpango wa "peleka kwenye basi kwanza, kondakta akipokea natuma". Mzigo ukishapanda basi, huna tena cha kushika.

Ninajua kinachowafanya watu waruke hatua hizi, na mara nyingi si uzembe. Ni adabu. Mnunuzi amekuita dada, ameuliza habari za watoto, amesema naye ni mtu wa Tanga kama wewe. Kumwambia asubiri uangalie salio, umpigie aliyelipa, uandike hati, kunaonekana kama kumwita mwizi usoni. Matapeli wanaijua hali hii vizuri, na nusu ya kazi yao ni kuijenga. Pamoja na adabu kuna haraka: ada ya Januari, kodi ya nyumba, mgonjwa hospitali. Anayeuza kitu chake cha thamani mara nyingi anakiuza kwa sababu amebanwa, na aliyebanwa hutamani kuamini. Njia ya kutoka hapo ni kuutangaza utaratibu wako mapema, kwenye tangazo lenyewe: malipo hufanyika hivi, kwa jina la mnunuzi, mzigo hutoka baada ya kuthibitisha salio, na hati husainiwa. Ukiwa umeandikwa tangu mwanzo, hakuna atakayeuona kama tusi lililomlenga yeye.

Na kama imeshatokea, dakika zina thamani kuliko hasira. Piga huduma kwa wateja wa kampuni yako mara moja na uombe fedha zizuiliwe zilikokwenda, kama zilitoka kwako. Tanzania, tuma namba ya tapeli kwenda 15040, na ubonyeze *106# kuona kama kuna laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako usizozijua. Kenya, wateja wa Safaricom huripoti kwa 333. Fika polisi upate namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, yaani RB, au OB kwa Kenya, maana bila hiyo benki na kampuni za simu hazitakupa taarifa zaidi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 na ile ya Kenya ya 2018 zote zinaugusa udanganyifu wa aina hii. Usifute mazungumzo ya WhatsApp hata kama yanakuchoma, piga picha tangazo lake kabla hajaliondoa, na andika IMEI ya kilichoibiwa kwenye maelezo yako ya polisi. Kama mzigo ulichukuliwa na bodaboda, mpigie dereva kabla ya simu nyingine zote. Naye alikodiwa kama mtu mwingine yeyote, hajui chochote, na huenda bado yuko barabarani na begi mgongoni.